Nne kwa Kumi

Mwalimu Eduvigis alitufunza kinaya
kwa chaki iliyolowa, mjini Paillaco, mwezi wa Julai,
mvua ikigonga bati kama mdai asiyechoka.
"Kinaya," alisema, "ni msomaji kujua
jambo ambalo mhusika halijui,
naye mhusika yuaja, yuaja, mpaka mlangoni."
Akachora mlango ubaoni.
Hakuchora kitasa.

Tulikuwa ishirini na wawili, soksi zetu
zikifuka mvuke kando ya jiko la kuni.
Tulikariri: sadfa, taharuki, dokezo, kisengerenyuma.
Baltazar akauliza kama yatatoka kwenye mtihani.
Mimi sikuuliza kitu. Mimi nilikuwa na hadithi.

Nilikuwa nayo tangu likizo,
tangu kituo cha Antilhue chenye njia moja ya reli,
pale garimoshi liendalo kaskazini hulipisha liendalo kusini,
dakika nne, ubavu kwa ubavu,
na baba yangu katikati na bendera iliyochujuka.
Nilichuuza mikate ya viazi, moto, ndani ya kitambaa.
Dirisha la kwanza, yeye, mwalimu wangu;
hakunijua chini ya kofia ya baba.
"Nipe miwili. Mmoja wangu, mmoja wa dada."
Nikazunguka. Dirisha la pili: uso uleule,
ila nywele fupi, na kovu dogo kidevuni.
"Nipe miwili, ufunge vizuri. Mmoja ni wa dada yangu,
hatujasemezana mwaka wa tisa huu."
Nilikuwa nahesabu chenji.
Nilikuwa bado nahesabu chenji kipenga kilipolia.

Basi nikaandika. Nikabadilisha majina,
mikate nikaifanya matufaha,
nikamwacha kila mmoja mbele ya mlango uliofungwa
akibisha, akiita, akiusikiliza ukimya wa ndani,
kisha akirudi kwao na neno moja:
amenikatalia.
Nilidhani ataelewa. Nilidhani hadithi ni barua
ambayo mtu akiifungua hukuta jina lake.

Kalamu nyekundu: Sadfa mno. Maisha hayako hivi.
Watu wawili hawatubu siku moja.
Andika upya, mmoja abaki nyumbani.
Nne kwa kumi.

Ningesema. Mdomo ulikuwa wangu.
Lakini nilikuwa na miaka kumi na mitatu,
na bibi alitaka kuona saba.

Nikaandika upya.
Nikamweka mmoja nyumbani, taa dirishani,
birika likichemka na kupoa na kuchemka,
mpaka hodi ikabishwa, mlango ukafunguka,
na ukurasa ukalowa machozi ya bei rahisi.
Tisa kwa kumi.
Na pembeni, si kwa wino, kwa penseli hafifu
kama mtu anayesema peke yake:
Hivi ndivyo.

Sasa nimempita umri aliokuwa nao.
Kila majira ya mvua, mpaka nilipohama Paillaco,
niliiona taa ya Mwalimu Eduvigis dirishani usiku kucha.
Hakupanda tena garimoshi.
Alibaki nyumbani, kama hadithi ilivyomwelekeza,
akingoja hodi.
Na kule Antilhue, likizo zote nilizochuuza,
nilitembea dirisha hadi dirisha nikitafuta kovu lile.
Watu walinunua mmoja mmoja.
Labda naye alikuwa na taa. Labda naye alikuwa na birika.
Huko kwao nani alimfunza kungoja, sijui;
huku nilifunza mimi.

Daftari ninalo. Juzi nilikwangua ile tisa kwa wembe
ili niandike nne.
Karatasi ikatoboka,
na kwenye tundu, kutoka ukurasa wa chini,
linachungulia neno moja kwa mwandiko wangu wa utotoni,
hodi,
na hapana mtu wa kuliitikia.